WASTAAFU WALIORUDI KUSHIKA BUNDUKI

Askari akiisha kutimiza miaka yake ya kazi hupewa karatasi ya kuachiliwa, huvua kofia na ukanda, akarudi kwao. Akiwa na shamba atalima. Akiwa na akiba kidogo atafungua duka. Na jioni atawasimulia wajukuu habari za safari zake. Hayo ndiyo tuyajuayo, na hapa Kenya ni wengi waliokua wakiwasikiliza wazee wa Keya wakieleza mambo ya Abisinia na ya Burma. Lakini je, ikiwa mzee huyo ataitwa tena? Si kuitwa aache nyumba na shamba aende kambini kwa miaka mitatu, la. Bali aitwe awe mkulima mchana na askari usiku, bila mshahara, chini ya amri ya mtu ambaye pengine alikuwa mtoto anyonyaye wakati yeye alipokuwa vitani. Atakubali? Na akikubali, atafaa?

Swali hili si la kubuni. Liliulizwa katika nchi ya Uingereza mwaka wa 1940, na waliolijibu walihesabiwa kwa malaki. Watu wengi wakitajiwa habari hiyo hucheka, kwa sababu imefanyiwa michezo mingi ya kuchekesha yenye vizee wanaojikwaa juu ya bunduki zao. Mimi naona kwamba kicheko hicho kimeficha jambo kubwa. Kurudi katika uaskari baada ya kustaafu, tena kwa saa za usiku tu, ni kazi ngumu kuliko kuendelea katika uaskari. Na ugumu wake hauko magotini, kama watu wanavyodhani, bali uko kichwani.

MWITO WA SAA TATU USIKU

Tarehe 10 Mei 1940 majeshi ya Wajeremani yaliingia Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa. Huko Uholanzi walishuka kutoka angani kwa miavuli, wakayashika madaraja na viwanja vya ndege nyuma ya majeshi ya wenyeji. Habari hii iliwatia Waingereza hofu mpya. Tangu zamani walijiona wamezungukwa na bahari kama boma. Sasa waliona kwamba adui aweza kuruka juu ya boma na kutua katika shamba la ngano, penye mchungaji na mbwa wake tu.

Basi, tarehe 14 Mei, baada ya habari za saa tatu usiku, Bwana Anthony Eden, aliyekuwa ameshika kazi ya Waziri wa Vita kwa siku chache tu, alisema na watu kwa simu ya upepo. Alitaka wanaume wa umri wa miaka 17 mpaka 65 wajiandikishe kulinda mahali pao wenyewe. Hakuwaficha: mshahara hakuna, ila watapewa nguo na silaha. Hapakuwa na daktari wa kuwapima. Ilitosha kwamba mtu aweza kwenda huku na huku bila shida. Mahali pa kujiandikisha palikuwa stesheni ya polisi iliyo karibu.

Yasemekana kwamba kabla hajamaliza kusema wako waliokwisha kufika mlangoni mwa polisi, na polisi wenyewe hawakuwa na fomu wala hawakujua la kufanya. Katika muda wa siku moja waliojiandikisha walikuwa kama 250,000. Hata mwezi wa Julai ulipokwisha walikuwa wamepita milioni moja.

Ni akina nani hao? Wako vijana wasiotimiza umri wa kuingia jeshini, na wako watu wa viwandani na migodini ambao Serikali iliwakataza kuziacha kazi zao. Lakini sehemu kubwa walikuwa askari wa zamani. Wengi walipigana katika Vita Kuu ya 1914–1918, nao sasa walikuwa na miaka arobaini na kitu au hamsini. Wako pia waliopigana na Makaburu Afrika Kusini tangu 1899 mpaka 1902, na wengine wachache waliofika Sudan pamoja na Kitchener mwaka wa 1898. Baadhi ya hao wa mwisho walikuwa wamekwisha kuufikia au kuupita ule umri wa miaka 65, lakini walipoulizwa umri wao walipunguza. Vijana wa miaka kumi na sita nao waliongeza. Mimi ni karani, nami najua kwamba fomu haina macho; huandika lile inaloambiwa.

Kikosi hicho kiliitwa kwanza Wajitoleaji wa Ulinzi wa Mahali, kwa kifupi L.D.V. Wenye mzaha wakasema herufi hizo maana yake ni "tazama, inama, toweka". Mwezi wa Julai Bwana Churchill akakibadili jina, kikaitwa Home Guard. Msomaji wa Kenya asilichanganye jina hili na wale Home Guard wa Mkoa wa Kati katika miaka ya Hali ya Hatari. Jina ni moja, lakini mambo ni mbalimbali kabisa: hawa wa Uingereza walimngoja adui atokaye ng'ambo ya bahari, wala hawakulinda ndugu dhidi ya ndugu.

Jambo moja askari wa zamani walilifahamu upesi kuliko vijana. Mtu ashikaye bunduki bila kuwa askari wa haki, adui akimkamata humhesabu kuwa mnyang'anyi, naye aweza kupigwa risasi papo hapo. Kwa hiyo Serikali haikukawia: tarehe 17 Mei ikatoa sheria ya kuwafanya watu hao kuwa sehemu ya majeshi ya Mfalme, na kila mmoja akapewa kitambaa cha mkononi chenye herufi za kikosi. Kwa kijana kitambaa hicho kilikuwa alama ya kujivunia. Kwa mzee aliyewahi kuona mateka wa vita, kilikuwa tofauti ya kambi ya wafungwa na ukuta wa kupigiwa risasi.

BUNDUKI ZA MSTARI MWEKUNDU

Jeshi la Uingereza lilipookolewa kutoka Dunkirk, mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, liliacha Ufaransa karibu silaha zake zote nzito. Ikiwa jeshi lenyewe lilikosa, wazee wa vijijini wangepata nini? Walikuja na bunduki za kuwindia ndege, na wengine na mapanga ya kizamani yaliyotundikwa ukutani kwa ukumbusho. Ni kweli kwamba wengine walilinda usiku kwa rungu na uma wa kuchotea majani makavu.

Mwezi wa Julai zikaja bunduki kutoka Marekani, laki kadhaa, zilizotengenezwa kwa ajili ya vita ya kwanza. Zilikuja zimepakwa mafuta mazito ya kuzuia kutu, na kuyaondoa ilikuwa kazi ya siku nzima kwa maji ya moto na matambara. Risasi zake hazikuwa sawa na za bunduki za Kiingereza, kwa hiyo kila moja ilipakwa mstari mwekundu ili mtu asije akatia risasi isiyo yake. Hapo ndipo mzee alipoanza kufaa. Kijana wa benki hakujua hata kifunguo cha bunduki kilipo. Mzee aliifungua gizani, akaisafisha, akaifunga tena, huku akizungumza habari nyingine. Mikono yake haikusahau.

Lakini silaha mpya zilipoletwa, nyingine zikiwa za ajabu, zilizobuniwa kwa haraka ili kutupa chupa za moto juu ya vifaru, mikono ya mzee haikuwa na la kukumbuka. Ilimbidi aketi chini kama kuruta. Katika mwaka wa 1941, baada ya Churchill kusema kila mtu awe na silaha ya namna fulani, hata kama ni mkuki, afisi moja ya vita iliyatimiza maneno hayo kama yalivyo: ikaagiza mikuki 250,000, ambayo ilikuwa vipande vya bomba vilivyochomelewa visu vya bunduki. Walioipokea walikasirika sana. Mtu aliyekuwa Ufaransa mwaka wa 1916 mbele ya bunduki za mtombo hawezi kupewa mkuki akanyamaza.

JENERALI ATUMWAYE MTAANI

Sasa nifikie jambo ninaloliona kuwa kiini cha habari yote, nalo ni cheo.

Katika miezi ya kwanza kikosi hiki hakikuwa na maofisa wenye hati ya Mfalme. Hati hizo zilianza kutolewa mwezi wa Februari 1941 tu. Kabla ya hapo aliyefaa aliwekwa kuongoza, na wengine wakamtii kwa hiari. Ilitokea basi kwamba meneja wa stesheni ya gari la moshi, au mwenye duka la nyama, alikuwa mkubwa, na chini yake wakasimama mstarini kanali mstaafu na meja mstaafu kama askari wa kawaida. Katika vitongoji vya matajiri, ambako maofisa wakubwa hupenda kwenda kukaa wakistaafu, kikosi kimoja kiliweza kuwa na majenerali kadhaa. Hebu fikiri, msomaji, taabu ya mtu anayewaamuru hao wageuke kulia!

Wako walioshindwa. Walikuja siku mbili tatu, wakaona hawakupewa heshima yao, wakaenda zao. Wengine walipata ukubwa, lakini hawakujua kwamba mtu wa kujitolea si sawa na askari wa mshahara. Yule wa mshahara ukimfokea atakaa kimya. Huyu wa kujitolea amefanya kazi saa kumi kiwandani, hajala vizuri, amekuja kwa miguu yake, na ukimfokea bila sababu kesho hutamwona.

Aliyelishinda jambo hili ni Jenerali Sir Hubert Gough. Huyu alizaliwa mwaka wa 1870. Alipigana Afrika Kusini, na katika Vita Kuu aliongoza Jeshi la Tano, lenye malaki ya askari. Tarehe 21 Machi 1918 Wajeremani walilishambulia jeshi hilo kwa nguvu kubwa mno, likarudi nyuma maili nyingi. Katika siku zile za hatari Gough alikusanya kila aliyeweza kushika bunduki, wajenzi wa madaraja, walimu wa shule za jeshi, hata wahandisi wa Kimarekani, akawapanga mbele ya mji wa Amiens wazibe pengo. Lakini lawama ilimwangukia. Akaondolewa katika ukubwa wake, na mwaka wa 1922 akastaafu. Alingoja mpaka 1937 kabla Mfalme hajampa nishani kubwa ambayo watu waliielewa kuwa ni kumrudishia jina lake.

Mwito wa Mei 1940 ulipotoka alikuwa na miaka 69. Alikuwa amepita umri uliotajwa, tena alikuwa na kila sababu ya kukaa kitako na kusema, "Mlinifukuza, jilindeni wenyewe." Hakusema hivyo. Alijiandikisha katika mtaa wake wa Chelsea, mjini London, akawaongoza wajitoleaji wa pale. Baadaye akapewa eneo zima la Fulham na Chelsea. Mtu aliyekuwa na majenerali chini yake sasa alikuwa na makarani, wachoraji picha na wenye maduka, wengine hawajapata kushika bunduki. Nadhani lililomsaidia ni kwamba alikwisha kuwaona watu wa namna hiyo mbele ya Amiens, akajua wanaweza kusimama. Aliendelea hata mwaka wa 1942, akawaachia wengine akiwa na umri wa miaka 72 hivi.

ELIMU ILIYOZEEKA

Isidhaniwe kwamba kila alichokuja nacho mstaafu kilikuwa dhahabu. Vita ilikuwa imebadilika. Wazee wengi walijua vita ya mahandaki: kukaa mahali pamoja, kupanga magunia ya mchanga, kungoja. Vita ya 1940 ilikuwa ya vifaru vipitavyo upesi na watu washukao kutoka juu. Baadhi ya makamanda wazee walitumia saa chache za jioni kufundisha gwaride na kupiga saluti, wakati vijana walitaka kujua namna ya kusimamisha kifaru.

Aliyewajibu vijana hao alikuwa Tom Wintringham, naye pia ni askari wa zamani, ila wa vita nyingine. Alikuwa katika Vita Kuu akiwa kijana, kisha akaenda Hispania, akaongoza kikosi cha Waingereza katika mapigano ya Jarama mwaka wa 1937. Mwezi wa Julai 1940 alifungua shule katika bustani ya Osterley, karibu na London, akawafundisha watu kujificha, kupigana mitaani, na kutengeneza mabomu kwa vitu vya nyumbani. Maelfu ya wanafunzi walipita pale katika miezi mitatu. Wakubwa wa Serikali hawakumpenda, kwa maana alikuwa amewahi kuwa Mkomunisti. Lakini waliona mafundisho yake yanafaa, na baada ya miezi hiyo jeshi likaichukua kazi ile mikononi mwake.

Mwingine aliyerudi kutoka Hispania ni mwandishi George Orwell, ambaye kitabu chake kimoja kinajulikana kwa Kiswahili kwa jina la Shamba la Wanyama. Huko Hispania alipigwa risasi ya shingo mwaka wa 1937 akapona. Vita mpya ilipoanza jeshi lilimkataa kwa sababu ya mapafu yake mabovu. Akaingia Home Guard mtaa wa St John's Wood, akawa sajini, akatumika miaka mitatu, mpaka Novemba 1943. Katika maandishi yake aliwalalamikia sana makanali wazee wapendao gwaride. Lakini hakutoka, na hilo lafaa kukumbukwa na kila mtu apendaye kulalamika.

Hofu nayo ilikuwa na gharama yake. Mwezi wa Juni 1940 walinzi waliwekwa barabarani usiku kukagua motokaa. Taa zilikuwa zimefichwa kwa ajili ya ndege za adui, na injini zilipiga kelele, hata dereva hakusikia sauti ya kumwamuru asimame. Waendeshaji kadhaa wasio na hatia walipigwa risasi wakafa. Kisha usiku wa tarehe 7 Septemba, London ilipoanza kuchomwa kwa mabomu, jeshi lilitoa neno la siri la kuwaweka askari tayari. Mahali pengi walidhani adui amekwisha kutua. Kengele za makanisa, zilizokatazwa kupigwa tangu Juni isipokuwa kwa ishara ya kuingia kwa adui, zikapigwa usiku huo katika vijiji kadhaa. Watu walikesha na bunduki zao wakingoja, na asubuhi hakuna kilichoonekana ila umande.

Mlinzi mwenye miaka hamsini, aliyewahi kulinda usiku mbele ya adui halisi, hujua kwamba giza husema uongo. Mlinzi wa miaka kumi na saba hajui bado. Sisemi kwamba waliofyatua risasi wote walikuwa vijana, hakuna ajuaye. Nasema tu kwamba utulivu ule haufundishwi kwa wiki mbili.

LUTENI FOSTER

Wakati wote wa vita adui hakutua, wala Home Guard hawakupigana vita kubwa hata moja ardhini. Hata hivyo watu wao 1,206 walikufa wakiwa kazini au kwa majeraha ya kazini. Wengine waliuawa na mabomu ya ndege walipokuwa wakifukua majirani katika vifusi. Wengine waliuawa na silaha zao wenyewe katika mafunzo, na hapo pana habari ya mtu mmoja ninayetaka isomwe polepole.

William Foster alikuwa askari wa zamani mwenye nishani mbili za ushujaa, D.C.M. na M.C. Ile ya kwanza ilikuwa ya askari wasio maofisa, hata mtu ajuaye mambo hayo akiziona zote mbili kifuani mwa mmoja hufahamu kwamba amepanda kutoka chini. Mwaka wa 1942 alikuwa na miaka zaidi ya sitini. Hakuna sheria iliyomlazimisha kufanya lolote. Alikuwa Luteni katika kikosi cha saba cha Home Guard cha Wiltshire, upande wa mji wa Salisbury.

Tarehe 13 Septemba 1942, siku ya Jumapili, kwa maana Jumapili ndiyo siku waliyokuwa na nafasi watu wafanyao kazi juma zima, alikuwa pamoja na wanafunzi mahali paitwapo Ashley Hill. Walikuwa wakijifunza kutupa mabomu ya mkono yaliyo na baruti ya kweli. Bomu la namna hiyo ukilivuta pini na kuliachia mkono wake, una sekunde chache tu. Mmoja alitupa; bomu halikuvuka ukingo wa handaki, likagonga, likarudi ndani miongoni mwao. Foster alijitupa juu yake. Likalipuka chini ya mwili wake, akafa, na wenzake wakaokoka.

Alipewa Msalaba wa George, nishani iliyowekwa na Mfalme George wa Sita mwaka wa 1940 kwa ushujaa mkubwa usio wa mbele ya adui. Home Guard waliopewa msalaba huo ni wawili tu.

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Katika sekunde zile hapakuwa na nafasi ya kupima mambo. Yule aliyetupa vibaya hakuwa na kosa kubwa. Alikuwa mtu wa kazi nyingine aliyekuwa akijifunza siku ya mapumziko. Katika handaki lile mwenye kujua ni nini kimeanguka miguuni mwao, na kitafanya nini, na baada ya muda gani, alikuwa yule mzee kuliko wengine wote. Kama angalibaki nyumbani na pensheni yake, nani angalijua?

SHERIA YAJA

Katika miaka miwili ya kwanza mtu aliweza kuacha akitaka, kwa kutoa taarifa. Mwanzoni mwa 1942 mambo yaligeuka. Serikali ilijipa uwezo wa kuwaandikisha watu kwa lazima, na kila mmoja akatakiwa kufika kazini mpaka saa 48 katika majuma manne. Asiyefika bila sababu aliweza kutozwa faini ya pauni kumi au kufungwa mwezi mmoja. Jina la "mjitoleaji" likaondolewa, akaitwa askari kama askari wengine.

Hapo wastaafu wengi waliumia moyo. Walikuja kwa mapenzi yao; sasa walitajwa katika karatasi moja na watu walioletwa kwa kulazimishwa. Tena mafunzo yalizidi kuwa makali. Maelfu walipelekwa kwenye mizinga ya kupigia ndege na mitambo ya maroketi, ili vijana wa jeshi waachiliwe waende ng'ambo. Kazi hiyo ilitaka watu wa kubeba vitu vizito usiku wa manane, kisha kwenda kazini asubuhi. Makamanda waliozeeka walianza kuombwa wawapishe wenye umri mdogo. Wengine waliondoka kwa uzuri. Wengine waliondoka wakinung'unika kwamba walifaa siku ya mikuki, na sasa zilipokuja bunduki nzuri hawatakiwi. Siwezi kuwalaumu kwa manung'uniko hayo, ijapokuwa waliowaondoa walikuwa na haki.

Mwezi wa Machi 1943 kikosi kizima kilikaribia watu milioni moja na laki nane. Hata kanali aliyeongoza elfu mbili hakupata mshahara. Palikuwa na fedha kidogo tu za chakula kwa saa ndefu za kazi, na malipo kwa aliyepoteza mshahara wake.

KUFUNGA KAZI

Majeshi ya Waingereza na Wamarekani yalipotua Ufaransa mwezi wa Juni 1944, hofu ya adui kuingia Uingereza ilikwisha. Mwezi wa Septemba saa za lazima zikaondolewa. Tarehe 3 Desemba 1944 maelfu ya Home Guard kutoka kila upande wa nchi walipita mbele ya Mfalme mjini London, mvua ikinyesha, na siku hiyo kikosi kikapumzishwa. Kilivunjwa kabisa mwisho wa 1945.

Walirudisha bunduki na risasi. Viatu na koti kubwa la baridi waliruhusiwa kubaki navyo. Kila mmoja alipata hati yenye jina lake ikimshukuru. Waliotumika miaka mitatu walikuwa na haki ya kupata Nishani ya Ulinzi, lakini haikuletwa nyumbani yenyewe. Ilipasa mtu aandike kuiomba. Wengi hawakuandika. Aliyekwisha kuwa na nishani za Somme sandukuni labda hakuona haja. Au hakupenda kuomba shukrani kwa barua.

Mwaka wa 1951, vita ya Korea ikiwaka na watu wakihofia Urusi, Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kukianzisha tena kikosi hicho, na kuandikisha kukaanza Aprili 1952. Nguo zilikuwako, bunduki zilikuwako, maofisa wenye hati walikuwako. Waliojitokeza walikuwa wachache mno kuliko waliotazamiwa. Watu waliokimbilia stesheni za polisi bila fomu mwaka wa 1940 walikuwa bado hai kwa wingi, nao walisikia mwito wa pili kwa utulivu, wakaendelea na bustani zao. Mwaka wa 1957 kikosi cha pili kikavunjwa.